Baadhi ya Zana ni Zambi

Ijumaa hiyo Idrissa alifika msikitini akitoka shambani moja kwa moja. Jembe aliliegemeza ukutani karibu na mahali pa kutawadhia, upande ambao angeweza kuliona akiwa ameketi ndani. Hakuna aliyewahi kuibiwa jembe msikitini pale Mkiwa. Lakini Idrissa alikuwa mtu wa kuona mbele, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na mtu akizidi kuona mbele huanza kuona hata visivyokuwapo.

Hotuba ilitolewa na ustadhi mgeni, kijana wa Tanga aliyekuwa akizungukia misikiti ya barabarani. Alikuwa na Kiswahili cha pwani, kile ambacho mtu wa Singida hukipokea kama sahani ya pilau ya harusi, kwa heshima na bila kuuliza kilichomo. Aliwaambia waumini wajiepushe na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Ulimi aliupitisha katikati ya meno vizuri kabisa. Masikio ya Mkiwa hayajazoea ulimi kupita huko. Idrissa alisikia kwamba baadhi ya zana ni zambi, na papo hapo akageuka kulitazama jembe lake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiuliza ni zana ipi. Jembe haliwezi kuwa, kwa sababu Nabii Adamu mwenyewe alilima. Kwa panga alisita kidogo. Mwishowe akaamua ni bomba la kunyunyizia dawa, kwa kuwa lilikuwa likivuja mgongoni na hakulipenda tangu mwanzo, na akaenda kulitupa kichakani nyuma ya choo. Jirani yake Benjamin, mzee wa kanisa, alimwona akilitupa, akauliza kulikoni.

"Tumeambiwa baadhi ya zana ni zambi," alisema Idrissa.

Benjamin alilifikiria jambo hilo kwa uzito wote unaostahili. "Sisi bado hatujakatazwa," alisema, akaliokota bomba akaenda nalo kwake.

Kesho yake Idrissa alirudi kwa ustadhi kuuliza habari ya panga.

"Si zana, mzee wangu," alisema ustadhi. "Dhana."

"Ndiyo. Zana."

"Dha. Dhana."

"Za. Zana," alisema Idrissa, akimsaidia.

Ustadhi alipumua, akaeleza polepole. Alisema dhana ni kumwekea mwenzako moyoni jambo baya usilolijua. Alisema nyoka pale bustanini hakuleta tunda, tunda lilikuwapo siku zote. Alicholeta nyoka ni swali dogo la kumfanya mtu amshuku Mungu. Na tangu siku hiyo, alisema, yuko mnong'onaji anayenong'ona ndani ya kifua cha mtu kisha anarudi nyuma, ili mwenye kifua adhani ni akili yake mwenyewe inayosema. Idrissa alishukuru sana. Alifurahi kwamba jambo hilo halikumhusu, maana yeye hakuwa na dhana. Alikuwa na akili tu.

Wiki hiyo mbuzi wake mmoja hakurudi zizini. Idrissa alikaa mlangoni akawaza kwamba mtu anayeweza kuokota bomba nyuma ya choo cha mwenzake bila haya, mbuzi hamshindi. Mara kitu kikaanguka nyuma ya mlango. Lilikuwa jembe jipya, mpini wa mninga, chuma chake hakijagusa udongo. Alimuuliza mkewe kama amelinunua. Mkewe akasema hapana. Akaliweka pamoja na mengine.

Asubuhi iliyofuata Benjamin alikuja kuliazima, apate kuinua matuta ya viazi. Alikuwa katikati ya shamba, jembe liko juu ya kichwa, mbuzi alipojitokeza kwenye mtama wa Idrissa akiwa ameshiba. Idrissa akamwona mbuzi, akasema alhamdulillahi, na jembe likatoweka. Benjamin alishuka na mikono mitupu, akaanguka kifudifudi juu ya tuta. Aliinuka, akajipangusa magoti, akaja hadi uani.

"Naona mbuzi amepatikana," alisema.

Basi ikawa hivyo. Kila Idrissa alipomshuku mtu, zana ilidondoka nyuma ya mlango, na jambo likijulikana kwamba si kweli, zana ilikwenda zake. Ustadhi alipoulizwa, alisema yeye hakusomea mambo hayo, lakini haoni ajabu kubwa. Huenda malaika aliyepangiwa Mkiwa amekaa huku muda mrefu na ameshaizoea lafudhi ya wenyeji. Ameandikiwa amwoneshe mja dhana zake, naye anamletea zana.

Idrissa alimshuku mwenye mashine ya kukamua alizeti kwamba anampunja mafuta, akapata sururu. Alimshuku shemeji yake wa Ikungi kwa sababu alimsalimia kwa furaha kupita kiasi, akapata toroli. Zilizodumu zilikuwa zile ambazo ukweli wake haukuwahi kujulikana, na hizo zilikuwa nyingi, maana Idrissa hakuwa mtu wa kwenda kuuliza. Chumba kikajaa. Alianza kuwaazima watu, na watu wakaanza kumheshimu. Mwenyewe alicheka mbele ya kioo cha kunyolea, akajiambia, "Idrissa, wenzako wametajirika kwa jasho. Wewe umetajirika kwa roho mbaya." Kisha akanyoa upande wa pili.

Mkewe aliitwa Sikudhani. Baba yake alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto, na alipozaliwa alisema neno hilo moja, likawa jina. Pale Mkiwa walimwita Sikuzani. Alikuwa na meza njiapanda, mahali mabasi yanapopunguza mwendo, akiuza asali na vitunguu, na kazi ya meza ile ni kucheka na madereva, kwa kuwa dereva aliyenuniwa hasimami. Walikuwa wamelea binti mmoja, Zaituni, aliyekwisha kuolewa. Idrissa alimpenda mkewe. Alimpenda kuliko shamba, na katika mambo yote ya maisha yake hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, maana kitu kizuri namna ile alikuwa hajawahi kukipata bila mtu kuja kukidai.

Jioni moja Sikudhani alichelewa kidogo.

"Ulikuwa wapi, Mama Zaituni?"

"Nilikaa."

"Ulikaa wapi?"

"Pale kwenye jiwe, juu ya njia."

"Na nani?"

"Na jiwe," alisema Sikudhani, akaingia jikoni kusonga ugali.

Idrissa alikwenda kuliangalia jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida, moja ya yale makubwa yaliyolala kila mahali mkoa mzima kama ng'ombe wanaocheua. Akaweka kiganja mahali pa kukalia. Palikuwa na joto. Jua lilikuwa limelipiga jiwe lile mchana kutwa na angeweza kuliweka hilo katika hesabu, lakini hakuliweka. Aliporudi nyumbani hakukuta jembe nyuma ya mlango. Ua ulikuwa umezibwa na gurudumu kubwa la nyuma la trekta, refu kumpita yeye, jipya, bado lina vinywelea vya mpira.

Sikudhani alilizunguka gurudumu mara moja akiwa na mwiko mkononi. "Hili ni langu?" aliuliza.

Idrissa akatazama chini.

"Basi njoo tule," alisema Sikudhani.

Habari za gurudumu zilienea kabla ya ugali kupoa. Msimu wa kulima ulikuwa unakaribia, na Mkiwa nzima ilikuwa ikitegemea ng'ombe wachache waliokonda. Hakuna aliyemwambia mwenzake lolote, wala hapakuwa na kikao. Lakini tangu siku ile watu walianza kupita kwa Idrissa, mmoja mmoja, wakikaa kwenye kigoda na kutazama mbali.

"Mimi sisemi kitu," alisema Benjamin. "Ila leo nimemwona Mama Zaituni njiapanda anacheka."

"Na nani?"

"Peke yake."

Likaja gurudumu la pili. Mtu mwingine alisema amemwona amejitanda khanga mpya. Ilikuwa khanga ambayo Idrissa alimnunulia mwenyewe, lakini alijiuliza kwa nini ameivaa siku hiyo na si siku nyingine, na injini ikatua karibu na kisima kwa kishindo kilichoondoa kuku uani. Fundi Raymond, kijana wa kutengeneza pikipiki, alikuja kuviunganisha vyuma bila kuitwa. Alilala chini ya injini, akatoa kichwa chenye mafuta.

"Shikamoo, mzee. Hiki ni chuma cha maana. Inaonekana mambo ya humu ndani si madogo."

"Marahaba," alisema Idrissa. "Ni madogo. Mimi ndiye nayakuza."

Alisema kweli, na alijua kwamba anasema kweli, na haikumsaidia. Huo ndio uchungu wa mtu mwenye akili kidogo. Anajiona anavyofanya upumbavu, waziwazi kabisa, kama mtu aliyekaa mstari wa mbele, na bado hawezi kushuka jukwaani. Usiku alimsikiliza Sikudhani akipumua na akaona aibu. Kisha aliona amepumua tofauti kidogo, na asubuhi walikuta usukani.

Ustadhi alipopita tena Mkiwa, Idrissa alimwalika pamoja na Benjamin ili wamsaidie. Walikaa kivulini pa trekta, kwa sababu sasa ndilo lililokuwa na kivuli kizuri kuliko vyote pale nyumbani. Lilikosa kiti tu. Sikudhani aliwaletea uji wa uwele, akaketi kwenye mkeka pembeni.

"Mke wako jina lake linasema hakudhani," alisema ustadhi. "Wewe ndiye unayedhani kwa niaba ya nyumba nzima. Muulize, akujibu, umwamini."

"Nimemuuliza. Amesema alikaa na jiwe."

"Umeamini?"

"Nimeliona jiwe," alisema Idrissa.

Benjamin alikohoa. Alisema kwao, katika sheria za kale za Musa, lilikuwapo jambo la mume aliyeingiwa na wivu. Mume alimpeleka mkewe kwa kuhani. Kuhani alichukua maji, akatia mavumbi ya sakafu ya hema takatifu, mke akanywa. Kama ana hatia, tumbo lilivimba. Kama hana, alirudi nyumbani na hapakuwa na maneno tena.

Idrissa aliinua kichwa. Lilimpendeza. Lilikuwa jambo lenye mwisho.

"Na mume?" aliuliza Sikudhani.

"Mume vipi, mama?"

"Alikunywa nini?"

Benjamin alitafuta kichwani, maana alikuwa mtu mkweli pale asipokuwa na haja ya trekta. "Mume hakuandikiwa kitu," alisema.

Sikudhani alisimama. Alichota maji mtungini kwa kikombe cha bati, akainama, akakusanya mavumbi ya uani kwa vidole, akayatia, akakoroga kwa kidole. Hakuna aliyemwomba. Alikunywa yote amesimama, akimtazama mumewe juu ya ukingo wa kikombe, kisha akaketi mkekani na kunyoosha miguu. Wote wanne wakangoja. Kuku walirudi uani. Uji ukapoa. Tumbo la Sikudhani lilibaki kama lilivyokuwa siku zote.

"Mke wako ni safi," alisema ustadhi, na macho yake yalikuwa na machozi, maana alikuwa bado kijana.

"Ni safi," alisema Benjamin.

"Namwamini," alisema Idrissa, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Nimemwamini mbele yenu. Mungu ni shahidi."

Waligeuka wote kulitazama trekta. Lilikuwa palepale. Kisha kikasikika kishindo kidogo, na juu yake kikakaa kiti, cha ngozi nyeusi, chenye mahali pa kuegemeza mgongo.

Sikudhani alimgeukia mumewe. "Umewaza nini?"

Idrissa alifunika uso kwa viganja. "Nimewaza mbona umekunywa upesi hivyo," alisema.

Alicheka Benjamin kwanza, kisha ustadhi akashindwa kujizuia, kisha Idrissa mwenyewe, mpaka akashika mbavu. Sikudhani hakucheka. Alikusanya vikombe vyote, akaviosha, akavifudikiza juani.

Trekta likawa limekamilika. Idrissa alikuwa wa kwanza kulipanda, likamshinda, likaenda moja kwa moja kwenye zizi la Benjamin, akashuka na kusema hana haja nalo tena. Raymond akamfundisha Sikudhani. Mafunzo yalichukua muda mfupi, lakini yalimtosha Idrissa kupata taa za mbele na honi. Mvua za kwanza ziliponyesha Sikudhani alilima shamba lao, akalima la Benjamin, akalima Mkiwa nzima, kilemba kimekaza kichwani, mgongo umenyooka juu ya kiti kile. Trekta halikusumbua hata siku moja. Kama liligoma asubuhi, mtu alipita kwa Idrissa, akamsalimia, akamuuliza mkewe leo amelala saa ngapi, na huko shambani likawaka.

Mwaka huo watu walipanda alizeti hadi maeneo ambayo ng'ombe hawajawahi kufika. Walimpenda sana Sikudhani. Walimpelekea kuku na mboga, wakamwombea dua na sala, na jioni walipita kwa mumewe kumsemea mabaya. Hawakuona mgongano wowote. Hata Idrissa hakuuona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwasikiliza kwa makini, kama mgonjwa anayesomewa vipimo.

Alizeti zilipotoa maua Sikudhani alimaliza palizi, akaoga, akaja kuketi mbele ya mumewe.

"Baba Zaituni, nakwenda kwa dada, Utemini, Singida mjini."

"Kusalimia?"

"Kukaa."

Idrissa aliinuka kwenye kigoda. "Nimekukosea, najua," alisema. "Lakini sijakupiga, sijakutukana. Sijaleta mwanamke humu ndani."

"Hujafanya hata kimoja," alikiri Sikudhani. "Umenitazama tu. Miaka yote hii nikirudi nyumbani unanitazama kama mtu anayekagua mzigo. Ndiyo maana nilikuwa nakaa kwenye jiwe. Jiwe halinitazami." Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. "Sikia. Siku utakayoniamini, trekta litatoweka. Hata kama nimelikalia, hata kama niko katikati ya barabara. Nitaanguka, nitainuka, na nitarudi hapa kwa miguu. Hutahitaji kunitumia mtu. Nitajua."

"Nakuamini hata sasa," alisema Idrissa, na alikuwa akilia.

"Tutaona," alisema Sikudhani, akaenda kukusanya vyombo vyake.

Vilikuwa vingi. Masufuria, magunia, kitanda cha mama yake, mitungi ya asali. Alivipanga uani vyote, kisha akasimama akilitazama trekta lililokuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kupakia mizigo. Hakuonekana kuwa na wasiwasi. Alijifuta mikono kwenye khanga, akangoja.

Idrissa alijitahidi. Katika maisha yake hajawahi kujitahidi kama dakika zile. Alisema bismillahi, akafumba macho, akamwona mkewe siku ya harusi, akamwona anamnyonyesha Zaituni, akamwona anakunywa mavumbi. Kifua kikalainika. Kwa mbali alisikia parafujo moja ya trekta ikilegea na kuanguka chini. Kisha mtu mmoja ndani ya kifua chake akamuuliza kwa sauti ndogo, ya upole: huyo dada wa Utemini, si ndiye mwenye mpangaji?

Ardhi ikatikisika. Alipofumbua macho tela lilikuwa limekaa nyuma ya trekta, lina kingo pande zote, linatosha kitanda na vyote vilivyobaki.

"Ahsante," alisema Sikudhani, na alimaanisha.

Benjamin na Raymond walikuja kusaidia kupakia. Idrissa naye alisaidia, maana asingeweza kusimama tu. Ni yeye aliyeifunga mitungi ya asali kwa kamba, kwa uangalifu sana, isije ikagongana njiani. Sikudhani akapanda, akawasha, likawaka mara moja. Watu wa Mkiwa walitoka barabarani kumpungia. Wengine walisikitika kwa ajili ya ndoa na wengine kwa ajili ya msimu ujao, na kwa uso hungeweza kuwatofautisha.

Mpaka leo yuko Utemini, anabeba mchanga na matofali ya watu wanaojenga. Anasifiwa kwa kazi nzuri. Watu wa Mkiwa wameacha kupeleka maneno kwa Idrissa, kwa sababu waligundua kwamba kila neno wanalosema linamwekea Sikudhani dizeli. Lakini Idrissa anajitosheleza mwenyewe. Trekta halijawahi kuzimika njiani.

Kila siku, baada ya sala ya alfajiri, Idrissa hubaki msikitini wenzake wakitoka. Siku hizi hata jembe haji nalo. Anaomba aondolewe zana. Ustadhi alimfundisha kulitamka vizuri, ulimi katikati ya meno, na akijitahidi hulipata, lakini akifika katikati ya dua huzidiwa na majonzi na kurudia namna ya nyumbani. Kisha anakwenda kukaa kwenye jiwe lililo juu ya njia na kumpigia mkewe simu. Huongea vizuri. Huulizana habari za mvua na za Zaituni.

"Limewaka leo?" anauliza mwishoni.

Sikudhani hamjibu. Anashusha simu, anaielekeza upande wa uani, na Idrissa anasikiliza ule mngurumo mzito, wenye afya, mpaka machozi yanamtoka.

Juzi tu aliusikia akaona kama umebadilika. Ulikuwa laini zaidi. Moyo ulimruka, akasimama juu ya jiwe na simu sikioni. Akawaza, huenda trekta langu limeshatoweka tangu zamani. Huenda nimeshamwamini, na Mungu amepokea, na mke wangu yuko njiani anakuja kwa miguu. Alitabasamu peke yake, akatazama barabara ya Singida mpaka mwisho wake. Halafu akajiuliza, kama langu limetoweka, hilo linalonguruma nani amemnunulia?

Alipofika nyumbani alifungua mlango polepole, kwa kuwa alishajua. Nyuma yake palikuwa na sepeto mpya. Akaichukua, akaipima mkononi, akaenda kuchimba mtaro wa maji ya mvua, uliokuwa ukimngoja siku nyingi.